Mchuchumio wa inchi 7, saizi 42, kwa Dodoma naupata wapi?

Habari zenu wapendwa. Napenda viatu vya mchuchumio mrefu hasa, inchi 7, ila soli ya mbele iwe nene walau inchi 2, mguu usisimame wima kabisa. Shida navaa 42. Sabasaba na Majengo nimezunguka, vingi vinaishia 40, muuzaji ananiambia "vitatanuka tu dada". Vitanuke wapi, plastiki ile! Kuna anayeagiza Kariakoo akatumiwa kwa basi? Visipoenea, wanakubali kubadilisha? Natafuta pia fundi wa kuweka vipira vya kisigino. Vyangu vimelika mpaka msumari unagonga vigae. Na vile visivyo na kisigino kabisa, nyuma hewa tupu, mnatembeaje navyo kwenye mchanga wetu huu? Harusi ni mwezi ujao.