Tupeane uzoefu: ni swali gani lililokulazimu kuifikiria upya theolojia yako?

Mwanzisha mada
Bwana asifiwe, wapendwa. Mijadala mingi kuhusu mustakabali wa theolojia ya Kikristo huishia kwenye mvutano wa wahafidhina na waliberali, kana kwamba kilichobaki ni kujua nani atashinda. Mimi naona mwelekeo utaamuliwa na maswali ya waumini ambayo vitabu vyetu havikuyatarajia. Mkutano wa umisionari wa Edinburgh ulipofanyika mwaka 1910, Wakristo wengi waliishi Ulaya na Amerika Kaskazini. Leo walio wengi wako Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ilhali mitaala mingi ya theolojia bado inafuata maswali yaleyale ya zamani. Naomba tusielee katika nadharia tupu: kila mmoja aeleze swali alilokutana nalo na mahali lilipomfikisha.

Mhudumu wa kiroho hospitalini
Familia moja iliniuliza kama kukubali mashine ya kupumulia izimwe ni kuua. Kwa hilo nilikuwa na la kusema, kwa sababu tangu mwaka 1957 Papa Pius wa XII aliwaeleza madaktari kwamba hakuna wajibu wa kurefusha uhai kwa njia zisizo za kawaida. Walinielewa. Ndipo binti wa mgonjwa, akiwa bado ameushika mkono wa baba yake na macho yake yako kwenye namba za skrini, akauliza: "Mchungaji, baba yumo humu bado, au tunailinda nyumba tupu?" Nilifundishwa maadili ya tiba kwa kina, lakini kuhusu uhusiano wa roho na mwili nilipewa mistari michache ya kukariri. Tangu siku ile nasoma upya mafundisho ya ufufuo wa mwili, ambayo nadhani yatarudi katikati ya theolojia kwa kusukumwa na vyumba vya wagonjwa mahututi kuliko na vyuo.

Mwalimu wa theolojia
Kwangu swali lililetwa na akili mnemba. Mwanafunzi alisoma sala darasani, wote tukaitikia amina, kisha akatuambia kwamba iliandikwa na programu. Ubishi ukazuka: je, tulikuwa tumesali? Mapokeo marefu, kuanzia Agostino hadi Thomas wa Akwino, yaliuona mfano wa Mungu ndani ya mwanadamu hasa katika akili yake. Ikiwa mashine inapanga hoja na maneno, msingi huo peke yake hautoshi. Karl Barth, mwanatheolojia Mprotestanti wa karne ya 20, aliutafuta mfano huo katika uhusiano, na hati ya Vatikano ya Januari 2025 kuhusu akili mnemba nayo inasisitiza kwamba akili ya mwanadamu ina mwili na huishi katika mahusiano. Nafikiri huko ndiko tunakoelekea, ingawa wanafunzi wangu bado hawajakubaliana kuhusu ile amina.

Mzee wa kanisa
Mke wangu ni Mkatoliki, mimi ni Mlutheri. Mwaka 1999 makanisa yetu yalitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lililotugawa tangu karne ya 16. Hata hivyo, Jumapili tunaachana mlangoni, na watoto wanauliza kwa nini.

Mchangiaji mwingine
Shuhuda hizi nimezipenda, lakini natahadharisha. Maswali ya wakati huu yakiachiwa usukani, theolojia itakuwa inakimbilia kila kinachovuma. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, nao ulizaliwa na swali, lile la padri Ario kama Mwana ni Mungu kweli sawa na Baba, lakini waliokusanyika hawakujibu kwa kuangalia kilichopendeza enzi yao. Walijibu kutoka katika Maandiko na katika ibada ya watu waliokuwa tayari wanamwabudu Kristo. Nikiongoza mafunzo ya Biblia, huwa napokea swali jinsi lilivyo, kisha nawauliza walioleta: ukisimama kusali kesho, jibu hili utaweza kulisema mbele za Mungu? Mengi ya majibu yangu ya haraka hukwama hapo.