MJADALA: Wahudumu wa hospitali wabuni kwa kushindanishwa, au kwa kupewa mamlaka?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Hospitali nyingi siku hizi zinahimiza watumishi wawe wabunifu. Njia ni zilezile: sanduku la maoni ukutani, semina ya siku mbili, na cheti Mei Mosi. Mimi nasema fedha hizo zinapotea. Nesi anabuni kila siku, asingebuni wadi isingeenda. Kinachokosekana ni ruhusa ya kubadilisha kitu bila kuomba kibali ngazi nne.

Mfano upo hapahapa. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, ilianza na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ule utaratibu wa S tano wa kupanga na kusafisha sehemu ya kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Asili yake ni viwanda vya Japani, lakini hospitali iliyoigwa ni Castle Street ya Colombo, Sri Lanka. Uzuri wake ni kwamba anayelihamisha kabati ni yule anayelifungua usiku akitafuta dawa. Kila kitengo kina timu yake ya maboresho, na baada ya usafi ndipo inakuja Kaizen, yaani maboresho madogo yasiyokoma. Palipoharibika ni pale ilipogeuka kazi ya kubandika lebo wakaguzi wakikaribia.

Nesi Zamu ya Usiku:
Mkuu, umeongea, ila inaonekana leba hujawahi kukesha. Tupo wawili, kina mama wamejaa hadi chini, na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma, vinasubiri kujazwa. Ukiniambia nibuni, niambie kwanza nani atashika wadi. Halafu kuna hili hamlisemi: nilitoa wazo la kupanga upya trei ya dharura, likapelekwa kwenye kikao na mkubwa wangu kama lake. Tangu hapo nafanya yangu kimyakimya.

Kijana wa Stoo:
Semina bila posho nani atakwenda? Natania. Kidogo.

Dokta Mpole:
Mie napinga kwa sababu nyingine. Kabati halina uhai, mgonjwa anao. Dkt. Sayeba Akhter wa Dhaka alifunga kondomu kwenye mpira wa mkojo, akaijaza maji ya dripu ndani ya mfuko wa uzazi ili kuzuia damu baada ya kujifungua. Ubunifu wa hali ya juu, rahisi, na dunia iliupigia makofi. Lakini utafiti uliofanyika Benin na Mali, uliochapishwa 2017, haukuona faida iliyotarajiwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba puto la aina hiyo litumike pale tu penye upasuaji na damu ya kuongeza karibu. Sasa mkimpa kila mtu mamlaka ya kubadilisha, nani atajibu mama akifa?

Mleta mada:
Dokta, hapo umenishika, na ndiyo maana tutenganishe. Kinachoingia mwilini mwa mgonjwa kipite kwenye kamati ya maadili, tena bila haraka. Mpangilio wa kazi uachwe kwa wanaoifanya. Hata kilichotoka juu kinaweza kuacha nafasi hiyo. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara. Matokeo yalitoka 2009: kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Chini ya karatasi yenyewe wameandika kwamba kuongeza na kurekebisha kulingana na mazingira kunahimizwa. Nani kati yetu amewahi kuona imerekebishwa na wauguzi wa chumba cha upasuaji? Sisi tunatoa kopi tu, na nyingine zinatiwa tiki zote mgonjwa akiwa bado hajaingia.

Sista wa usiku, la wizi wa wazo nakubaliana nawe kabisa. Ndiyo maana napendekeza: jina la mtoa wazo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, uongozi ujibu ndani ya siku 14 hata kama jibu ni hapana, na kila wadi iwe na fungu dogo la kununua ndoo, rafu au kalamu bila kusubiri zabuni.

Mfawidhi Mstaafu:
Nimeongoza kituo, nawajibu kwa uwazi. Jina na siku 14 vinawezekana kesho asubuhi, ni uvivu wetu tu. Fungu la wadi mkaguzi atalikataa, kwa sababu kila shilingi lazima iwe na mstari wake kwenye bajeti. Labda muanze na hayo mawili ya bure.

Nesi Zamu ya Usiku:
Shikamoo mzee. Hilo la jina lianzeni kwanza, nami trei ninayo tayari.