Chakula cha hisani, mchango wa kila mwezi au andiko la mradi: kipi kinawashika wachangiaji?

Mratibu_Muheza
Habarini wadau. Tuna asasi ndogo huku Muheza, Tanzania. Tunawalipia wasichana wa sekondari hosteli, sare na nauli. Ada serikali imeshafuta, lakini hayo mengine ndiyo yanayowarudisha nyumbani. Aliyekuwa akitupa fedha alitegemea USAID, shirika la misaada la Marekani. Tangu misaada iliposimamishwa Januari 2025 tumebaki na watu wetu. Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka chakula cha hisani kila Desemba, meza ziuzwe kwa makampuni. Kuna wanaotaka watu wachange kidogo kidogo kwa simu kila mwezi. Mwenyekiti yeye anataka tuandike maandiko ya miradi kwa wafadhili wengine wa nje. Watendaji ni mimi na mhasibu wa nusu siku. Tuanze na lipi?

MC_Mstaafu
Kwa usiku mmoja, hafla haina mpinzani. Ila toa kwanza gharama za ukumbi, chakula, muziki na mshereheshaji (najua tunavyotoza) ndipo ushangilie kilichobaki. Kasoro yake kubwa ni kwamba kampuni inanunua meza, halafu wanaokuja kukalia ni wafanyakazi waliotumwa. Kesho yake hata jina la asasi hawalikumbuki. Mkifanya, chukueni majina na namba mlangoni, na wiki hiyohiyo mtu apige simu ya kushukuru tu. Asiombe kitu.

Mwanakilifi
Huku kwetu Kenya harambee, yaani mchango wa hadhara, ilimtegemea mno mgeni rasmi. Julai 2024 Rais Ruto alipotangaza marufuku kwa maafisa wa umma kushiriki harambee, vikundi vilivyozoea bahasha ya mheshimiwa vilibaki vikitazamana. Mimi ni wa mchango wa kila mwezi. Tangu Oktoba 2024 tuna M-Pesa Ratiba, mtu anapanga mwenyewe pesa zitoke tarehe fulani. Angalizo: kwenye Paybill (namba ya M-Pesa ambayo taasisi hupokelea malipo) namba ya simu ya mlipaji hufichwa sehemu, kwa hiyo mtu anaweza kukutumia pesa usijue umpigie nani. Mwandikishe kwanza, alipe baadaye.

Mratibu_Muheza
Sisi tuna Lipa Namba, ya kupokelea malipo ya simu huku kwetu. Wasiwasi wangu ni kwamba watu watachanga miezi miwili mitatu halafu kimya.

BiSaumu
Watanyamaza kama na nyinyi mko kimya. Tazama harusi zetu. Mtu analipa ahadi ya kadi hata akiwa amebanwa, kwa sababu anajua yake ikifika naye atachangiwa. Asasi haiwezi kumchangia harusi, kwa hiyo kitu pekee inachoweza kumrudishia ni habari: Asha (jina la kubuni) alikuwa atoke hosteli, mchango wako umemwezesha kufanya mtihani. Ujumbe mfupi wa sauti kwa WhatsApp unatosha, utumwe kwa mtu mmoja mmoja na umtaje kwa jina lake. Na picha za watoto acheni.

Pia wafuateni wasichana mliowasomesha zamani. Shule ya Starehe ya Nairobi ilianza 1959 ikisomesha vijana wa familia maskini kwa ufadhili, na waliopita pale wana umoja wao ambao huisaidia shule. Aliyewahi kulipiwa hosteli hahitaji kuelezwa hosteli ni nini.

Kassim_Hesabu
Nawaunga mkono isipokuwa kwenye WhatsApp. Mkifungua kundi, jioni ya kwanza mtu atabandika orodha: fulani 100,000, fulani 5,000. Wa elfu tano anatoka kimyakimya.

MC_Mstaafu
Orodha inasukuma watu bwana! Kamati za harusi zinaishi kwa orodha.

Kassim_Hesabu
Harusi ina tarehe, inaisha. Huyu unamtaka mwakani. Mweleze jumla iliyopatikana na ilivyotumika, kiasi cha kila mtu kibaki kwa mhasibu. Andiko la mradi msiliache, ila mfadhili wa nje atataka hesabu zilizokaguliwa na majibu yake huchelewa. Hosteli haimsubiri.

Mwanakilifi
Na msimwombe mtu nyongeza kabla hajasikia mchango wa kwanza ulifanya nini. Hilo limewafukuza wengi kuliko umaskini.

Mratibu_Muheza
Basi naipelekea kamati hivi: hafla isubiri. Tunaanza na waliowahi kutuchangia hata mara moja, nawapigia simu mwenyewe za shukrani, kisha tunawaalika kwenye mchango wa mwezi. Mwenyekiti tutamwachia andiko moja. Swali la mwisho: namba zao naweza kuziweka kwenye daftari la ofisi?

Kassim_Hesabu
Daftari linalozagaa mezani, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata asasi. Waulizeni ridhaa mnapoandikisha, na ulizieni kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mambo ya usajili kabla hamjakusanya namba nyingi. Faili liwe na nywila, na anayepiga simu awe mmoja anayejulikana. Ukienda likizo je, nani atapiga?