Naomba ushauri: wikiendi ya Sussex na mama mzazi

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mama yangu mzazi amekuja kunitembelea London kutoka Tanga, nami nakusudia kumpeleka Sussex, pwani ya kusini mwa Uingereza, wikiendi ya mwisho ya Oktoba, ayaone majani yalivyogeuka rangi mashambani, pamoja na yale magenge meupe ya chaki ya Seven Sisters yanayokatika wima hadi baharini. Siendeshi gari, na yeye magoti yanamsumbua. Nimeshaangalia usafiri: treni kutoka London Victoria hufika mji wa Lewes kwa mwendo wa takribani saa moja, na basi namba 12 la Brighton na Eastbourne husimama Exceat, karibu na magenge hayo, ambapo njia ya kwenda ufukwe wa Cuckmere Haven ni tambarare, ila kwake ni ndefu. Jumapili hiyo saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, hivyo jua litazama kabla ya saa 11 jioni, na sipendi giza na baridi vimkute kituoni.

Je, kwa hali yake, tulale Lewes au Eastbourne? Na ni wapi anaweza kuyaona magenge hayo vizuri akiwa ameketi, bila kutembea mwendo mrefu?

Natanguliza shukrani.