Eti mbuzi ninayemjua ni wa mnadani tu! Huyu mtu mnamjua

Jembe la Nkuhungu:
Wakuu, sijala tangu asubuhi na mkono unatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Yule mzee wa kalamu tatu mfukoni, wote mliopita kwake mnamjua, leo kanivua nguo mbele za watu. Wiki sita kompyuta ndiyo mto wangu. Nimemjengea jiko zima la ndani ya kompyuta: mafiga, kinu, kawa, mwiko. Kazi ilikuwa mhusika wetu wa katuni, Bi Chausiku, ajue vitu ni vya nini, asione maumbo matupu. Kila kitu kinabeba maelezo yake chenyewe: nishike hapa, nafunguka hivi, nafaa kwa kazi hii. Sijabuni mimi, watafiti wa katuni za kompyuta Kallmann na Thalmann waliyaandika haya tangu 1998.

Sasa orodha ya majina alitoa YEYE. Neno moja, kitu kimoja. Nikamuuliza, mzee, na mbuzi je? Akasema endelea na kazi.

Leo ukumbini, projekta inawaka, wageni na soda zao. Bi Chausiku anaambiwa akune nazi. Kachukua nazi vizuri. Kapasua vizuri. Halafu huyo katoka jikoni, kavuka ua, kaenda KUMKALIA BEBERU. Kajiweka mgongoni, kainama, anasugua kizio kwenye pembe!

Ukumbi ukafa kwa kicheko. Hilo ningemeza. Mzee kageuka, kaniangalia, kasema kwenye maiki: "Ndugu zetu wa Dodoma, mbuzi mnayemjua ni wa mnadani tu."

KWENYE MAIKI. Mimi! Bibi mzaa mama ni wa Pangani, mbuzi ya nazi nimeikalia kabla sijajua kusoma! Na mgeni mmoja akapiga makofi. Kwenye maiki, wakuu.

Zabibu Chachu:
Nimecheka daladala nzima inanitazama. Weka video ya beberu, pole baadaye.

Mjukuu wa Chilonwa:
Mzee kasema kweli, unalia nini? Huku kwetu mlenda unaungwa kwa karanga. Nazi umeikuna lini mara ya mwisho?

Fundi Nyaya:
Na wewe una kosa. Jina si maana. Kwenye WordNet, kamusi ya kompyuta ya Chuo cha Princeton, neno moja linakaa makundi kibao, kila maana na lake. Ungeweka mbuzi wawili kimyakimya. Halafu nani alimpa beberu sifa ya kukalika?

Jembe la Nkuhungu:
YEYE! Alitaka onyesho la pili mtoto apande mbuzi!

Mama Lishe Sabasaba:
Wanangu, mbuzi WA, mbuzi YA. Ngeli imeshawatenganishia bure, nyie mnahangaika na Princeton.

Jembe la Nkuhungu:
Shikamoo mama. Kamwambie mwenye maiki.

Kalamu Moja:
Huyo mzee chaja yangu anayo mwaka wa pili sasa. Ukimwona mkumbushe.

Zabibu Chachu:
Tukiwa bado kwa mbuzi, Jumamosi nani anakwenda mnadani Msalato?

Mjukuu wa Chilonwa:
Mimi kwa yule mchoma nyama sirudi. Kanikatia mifupa, kalipisha paja.

Kalamu Moja:
Heri yako mifupa. Mimi kachumbari ilikuwa kitunguu kimoja na pilipili ya kuazima.

Jembe la Nkuhungu:
Wakuu, uzi ni wangu jamani.

Zabibu Chachu:
Tulia, tunapanga usafiri. Video iko wapi?