Tupeane uzoefu: simu ya mezani nyumbani, ibaki au ikatwe?

Mwanzisha mada, Ligula, Mtwara

Ndugu wachangiaji, nawasalimu. Tunaishi katika nyumba aliyotuachia mzee wetu, na sebuleni bado ipo simu ya mezani yenye namba ya 023 ambayo ndugu wengi wa Dar es Salaam na Tanga waliikariri tangu wakiwa wadogo. Kila mtu humu ndani ana simu ya mkononi, wengine wana laini mbili, na ankara ya simu ya mezani inaendelea kulipwa ingawa wiki nzima inaweza kupita kengele isilie. Wadogo zangu wanataka tuikate, mama hataki hata kulisikia hilo. Ninaomba waliowahi kuishi na simu hii, iwe wameibakiza au wameiondoa, watueleze kilichofuata baada ya uamuzi wao. Kwamba simu ya mkononi ina kazi nyingi zaidi hatuna haja ya kulijadili, kwa kuwa hakuna anayelibisha.

Mchangiaji wa Masasi

Sisi tuliiondoa na sijaona pengo. Baba alikuwa akinunua korosho na ufuta, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, barabara ya Kusini wakati wa masika ilikuwa mtihani. Magari yalilala Ndundu yakisubiri kivuko cha Rufiji, na barua ilifika bei ikiwa imekwisha kubadilika. Simu ya dukani ndiyo iliyomweka karibu na wanunuzi wa Dar es Salaam. Ulikuwa unamwomba opereta namba unayoitaka, unarudisha mkono wa simu mahali pake, kisha unakaa kusubiri aipate laini na kukuita, na siku ya mvua nyingi ungeweza kusubiri mpaka jioni na bado ukaongea kwa kupiga kelele. Majirani nao walikuja kukaa barazani kwetu wakingoja simu za watoto wao waliokuwa masomoni, na hakuna aliyeona ajabu mtu asiye wa nyumba hiyo kupokea habari ya msiba sebuleni kwetu.

Simu za mkononi zilipofika, wanunuzi waliacha namba ya duka wakaanza kumtafuta baba popote alipo. Leo bei ya mnada naipata kwa ujumbe mfupi nikiwa shambani, na malipo yanaingia benki. Laini ya mezani haipokei hela wala haisogei na mtu, na waya wetu ulipoibwa kwa ajili ya shaba yake hatukuona sababu ya kudai mwingine.

Mchangiaji wa Newala

Kijiji changu kiko bondeni, upande wa Ruvuma, na nguzo za simu hazikuwahi kufika. Tulitoka kwenye barua tukaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, ambayo sehemu nyingine hunasa mtandao wa Msumbiji kabla ya wa kwetu. Nasoma tu nijifunze.

Mchangiaji wa Mtanda, Lindi

Kwetu imebaki, na sababu ni bibi. Mikono yake inatetemeka, na kioo cha simu ya kisasa hakimvumilii mtu wa aina hiyo, kwa sababu kidole kinagusa mahali pawili na simu inakwenda kwa mtu asiyemkusudia. Tulimnunulia pia ile ndogo ya vitufe. Mara nyingi ilikutwa imezimika kwa kukosa chaji, mara imewekwa kimya pasipo yeye kujua, na mara nyingine inalia ndani ya godoro huku anaitafuta uani. Simu ya mezani imekaa mahali pamoja, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufumwa, na ubavuni pake tumebandika kipande cha boksi chenye namba nne za watoto wake, zimeandikwa kwa kalamu nene, kila moja na rangi yake, kwa kuwa bibi anatambua rangi kuliko tarakimu. Kengele yake anaisikia hata akiwa jikoni.

Lakini faida iliyonifanya niache kubishana nayo ni nyingine. Wote mnawafahamu matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na wale wanaompigia mzee wakijifanya mjukuu aliyepata ajali akiwa safarini. Mmoja alimpigia bibi kwenye ile simu ndogo, akalia sana na kuomba atumiwe hela ya hospitali haraka. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, “Basi nipigie ya mezani, mwanangu, hii siisikii vizuri, na namba ya nyumbani unaijua.” Yule mtu akakata. Tangu hapo tumekubaliana ndani ya familia kwamba habari yoyote ya dharura inayomhusu bibi ipitie simu ya mezani, na namba hiyo hatumpi fundi, dereva wala mwenye duka. Wanaouliza ankara inalipia nini, kwangu inalipia hilo.

Mchangiaji mstaafu, fundi wa laini, Mtwara mjini

Nimefanya kazi hii tangu enzi za Posta na Simu, nikaendelea baada ya shirika kugawanywa na TTCL kuanza mwaka 1994. Naona wachangiaji mnazungumzia simu ya mezani kama kitu kimoja, ilhali majumbani vipo vitu vitatu vinavyofanana kwa umbo, na uamuzi unategemea ni kipi ulicho nacho.

Cha kwanza ni simu ya waya wa shaba. Hii inapata umeme wake kutoka kituo cha simu, takriban volti 48, na kituoni kuna betri kubwa pamoja na jenereta. Ndiyo maana umeme wa nyumba ulipokatika, simu ile iliendelea kufanya kazi gizani. Cha pili ni simu inayopitia mkonga wa mwanga, yaani waya wa nyuzi za kioo. Mkonga hausafirishi umeme, kwa hiyo kile kisanduku cha ukutani kinachounganisha simu na mkonga kinategemea umeme wa kwako, na ukikatika bila betri ya akiba, simu inazimika papo hapo. Cha tatu ni ile ya mezani isiyo na waya, ambayo kwa kweli ni simu ya mkononi iliyovaa umbo la mezani; ina kadi ya laini na betri ndogo, na mnara ukizimika nayo inazimika. Anayelipa ankara akiamini ana kinga ya siku ya giza, wakati kisanduku chake ni cha aina ya pili, analipia kitu ambacho hana.

Nchi nyingine jambo hili limekuwa kubwa. Uingereza wamepanga kuuzima mtandao wao wa zamani wa simu za shaba mwezi Januari 2027, baada ya kusogeza mbele tarehe ya awali, na sababu mojawapo ni wazee wanaovaa vifaa vya kuombea msaada ambavyo vimeunganishwa na laini hizo.

Nyongeza ndogo kwa wanaokumbuka. Wazee walikuwa wakifunga kufuli dogo kwenye tundu la kibao cha kuzungusha namba ili watoto wasipige simu. Watoto wajanja waligundua kwamba kugonga kitufe cha kukatia haraka haraka, mara tatu kwa tarakimu 3, mara saba kwa 7, kunafanya kazi ileile ya kibao, kwa sababu kibao chenyewe hakifanyi zaidi ya kukata na kurudisha mkondo. Nimeitwa nyumba nyingi kuchunguza “laini iliyoingiliwa na wezi”, nikaondoka bila kumtaja mtoto.

Mwanzisha mada

Nashukuru, na maelezo ya mzee fundi yamenifanya niende kuangalia ukutani. Waya ulioingia nyumbani ni wa shaba, lakini tumekwisha ambiwa kwamba mtaa wetu utahamishiwa kwenye mkonga. Nimewaeleza wadogo zangu habari ya bibi wa Mtanda, na mmoja amenyamaza. Tumekubaliana kwamba namba ibaki kwa muda wote ambao mama yupo, na kwamba wakati wa kuhamishwa tuulize mambo mawili: kama namba ya 023 itahama nayo, na betri ya akiba ya kile kisanduku inadumu saa ngapi. Mzee fundi, kama unafahamu betri ya aina gani inafaa kwa mkatiko wa usiku kucha, naomba utuandikie.

Mchangiaji mstaafu, fundi wa laini

Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyo chini ya kisanduku; vingi vinatumia volti 12. Betri ndogo ya gari la matairi matatu yenye chaja yake inatosha usiku kucha, mradi kisanduku kiwe peke yake na vijana wasichomeke simu zao hapo.