Je, kuongeza nyuzinyuzi peke yake kunatosha kupunguza uzito?

Kokwa (muulizaji):

Habari za humu, ndugu wachangiaji. Ninajaribu kupunguza uzito bila kufuata mpango wa mlo wenye masharti mengi, na katika kusoma kwangu nimekutana mara kwa mara na ushauri kwamba mtu akila nyuzinyuzi za kutosha, mengine yatajipanga yenyewe. Nimeanza kunyunyiza pumba za ngano kwenye uji wa asubuhi na kunywa unga wa nyuzinyuzi uliokorogwa kwenye maji kabla ya chakula cha jioni. Sahani yangu, hata hivyo, imebaki kama ilivyokuwa: wali mweupe, mkate mweupe, nyama, na juisi ya matunda ambayo huwa naihesabu kama tunda. Mizani haijasogea, na tumbo linajaa gesi kiasi cha kunifanya nisite kukaa karibu na watu. Naomba kueleweshwa nyuzinyuzi zinapunguzaje uzito hasa, na kama unga huo una kazi sawa na chakula chenyewe.

Msoma Lebo:

Ndugu Kokwa, nyuzinyuzi haziyeyushi mafuta ya mwili, na anayedai hivyo pengine ana kopo la kuuza. Kazi yake kubwa ni kwenye shibe. Aina zinazogeuka kuwa kama ute zikikutana na maji, kama zile za oti na za maganda ya baadhi ya mbegu, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na sukari nayo huingia kwenye damu polepole zaidi. Nyingine hufika utumbo mpana zikiwa hazijameng'enywa, ambako bakteria huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Asidi hizo ni miongoni mwa vinavyouchochea utumbo kutoa homoni za kuuarifu ubongo kwamba chakula kimetosha. Kwa wastani gramu moja ya nyuzinyuzi huupa mwili kilokalori 2 hivi, wakati wanga wa kawaida hutoa 4 na mafuta hutoa 9.

Sasa tazama ulichofanya. Vijiko viwili vya pumba vinakupa gramu 3 hivi za nyuzinyuzi, na nyingi kati yake ni za aina isiyoyeyuka, ambayo husaidia zaidi choo kuliko shibe. Wali, mkate na juisi vimebaki palepale, kwa hiyo umeongeza kitu bila kuondoa kitu. Ukiweka gramu 200 za dengu zilizopikwa mahali pa gramu 200 za wali mweupe, kalori hazitofautiani sana, jambo linalowashangaza wengi, lakini dengu zina nyuzinyuzi zinazokaribia gramu 16 na protini ya kutosha, huku wali ukiwa na chini ya gramu moja ya nyuzinyuzi. Faida utaiona baadaye, pale utakapokuwa hutafuti vitafunio saa mbili baada ya kula.

Kuhusu juisi, mwaka 1977 watafiti waliwapa watu tufaha zima, tufaha lililopondwa na juisi ya tufaha, vyote vikiwa na kiasi kilekile cha wanga. Juisi ilinyweka mara 11 kwa haraka zaidi kuliko tufaha zima kulika, na ndiyo iliyowashibisha kwa kiasi cha chini kuliko vyote. Kwa maoni yangu, hiyo juisi ndiyo ya kwanza kuondoka mezani kwako.

Hoja kwa Hoja:

Nakubaliana na mengi ya Msoma Lebo, ila nisingependa muulizaji adhani kwamba kanuni moja nyepesi haina maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika Marekani kwa watu wazima 240 wenye dalili za hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo, ulilinganisha kundi lililoambiwa jambo moja tu, yaani kulenga gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na kundi lililopewa mwongozo kamili wa mlo wenye vipengele vingi. Baada ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilikuwa limepungua kilo 2.1 kwa wastani, na la pili kilo 2.7. Kilo 2 si nyingi, na anayetarajia 15 kwa njia hii atavunjika moyo. Lakini kwa mtu anayechoshwa na masharti, kama alivyojieleza ndugu yetu, tofauti hiyo ni ndogo sana kuilinganisha na unafuu wa kukumbuka jambo moja.

Swali la unga ndilo ninalotaka kulikazia. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wakawalisha kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana na kwa wiki nyingine mbili vyakula visivyosindikwa, kila mmoja akila kadiri apendavyo. Milo iliyoandaliwa ilikuwa na viwango vinavyolingana vya nyuzinyuzi, ila upande wa vyakula vilivyosindikwa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo ilibidi iyeyushwe kwenye vinywaji. Hata hivyo, upande huo watu walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku. Ninachokisoma hapo ni kwamba nyuzinyuzi za kukoroga hazikuweza kufidia ulaini na wepesi wa kumeza wa chakula chenyewe. Unga una nafasi yake kwa mwenye shida ya choo au ya lehemu (kolesteroli), lakini usiutegemee ufanye kazi ya maharage.

Nesi Mstaafu:

Kokwa, mwanangu, mimi nizungumzie hiyo gesi. Bakteria wa utumboni wanahitaji muda kuuzoea mzigo mpya, kwa hiyo punguza kwanza, kisha ongeza gramu 3 hadi 5 kwa siku, ukae hapo kwa wiki nzima kabla ya kupanda tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula, na hakuna haja ya kuzikimbilia kwa siku moja. Kunywa maji ya kutosha, kwani nyuzinyuzi nyingi bila maji huweza kuleta kufunga choo kulekule unakokukwepa.

Huo unga usiumeze mkavu kamwe, maana huvimba na unaweza kukwama kooni. Ikiwa unatumia dawa zozote, hasa za tezi dundumio (tezi ya shingoni, thairoidi) au za kisukari, muulize daktari wako uachanishe muda gani kati ya dawa na unga; na mwenye utumbo uliowahi kuziba au kufanyiwa upasuaji asianze jambo hili bila ushauri wake.

Kokwa (muulizaji):

Nawashukuru nyote, shikamoo, Mama Nesi. Nimeielewa hoja ya kubadilisha badala ya kuongeza. Swali la mwisho: je, kupika au kusaga kwenye blenda kunaziharibu nyuzinyuzi?

Msoma Lebo:

Kupika hulainisha tu, na nyingi hubaki, kwa hiyo usiogope kuivisha maharage vizuri. Yasiyoiva yana madhara yake. Kusaga nako hakuziondoi, ila hukatakata umbile la chakula na kukifanya kipite upesi, hivyo tunda la kutafuna bado linashinda la kunywa. Kinachoziondoa kwa kweli ni kumenya maganda, kukoboa nafaka na kuchuja. Ukinunua mkate, soma lebo nyuma ya pakiti: kwa kila gramu 10 za wanga tafuta angalau gramu moja ya nyuzinyuzi, na usidanganywe na rangi ya kahawia, kwa sababu mingine hutiwa rangi tu.